Mnawapiga picha maskini, mnauza, halafu mnasema "maadili hayaruhusu kuwalipa"?

Wadau, hili limenifika shingoni, tulijadili leo bila kuoneana haya.

Nenda onyesho lolote la picha, hukosi ukuta wa huzuni: mzee kalala juu ya maboksi, mtoto ana makamasi, mama kanyoosha kiganja. Chini kuna kibandiko chenye jina la mpiga picha, mwaka, vipimo, "nakala 3 kati ya 10". Na aliyepigwa anaitwa nani? "Tumaini". Hilo si jina la mtu, ni jina la bidhaa.

Uliza kama alipata chochote. Utajibiwa kwamba maadili hayaruhusu. Kanuni hiyo ipo kweli, imo kwenye maadili ya chama cha wapiga picha wa habari cha Marekani, NPPA: usimlipe unayempiga. Maana yake ni kwamba mtu akionja hela ataanza kuigiza, na habari itakuwa ya uongo. Sasa wewe umemwambia ageukie mwanga, umeondoa rangi, umepandisha kontrasti (tofauti ya mwanga na giza) mpaka makunyanzi yamekuwa makorongo, na chupa ya soda iliyokuwa miguuni pake umeifuta kwa sababu inaharibu "hisia". Habari iko wapi hapo? Kama ni sanaa, huyo ni modo wako, na modo hulipwa.

Wengine watamleta Dorothea Lange, mpiga picha wa Marekani, kwamba alipiga picha ya mama mmoja maskini huko Nipomo, California, mwaka 1936, na ikasaidia watu. Sawa. Lange alikuwa mwajiriwa wa serikali na picha ikawa mali ya umma, kwa hiyo si yeye aliyevuna. Lakini hakuuliza jina. Aliandika kwamba familia imeuza matairi ya gari ili ipate chakula, na familia ikaja kukanusha. Jina la mama huyo, Florence Owens Thompson, lilijulikana mwaka 1978, naye akalalamika kwamba hakupata hata senti. Mwaka 1998 nakala moja iliuzwa mnadani dola 244,500.

Na wale wa "sheria inaruhusu" wanaishika kama hirizi kesi ya Philip-Lorca diCorcia, mpiga picha wa Marekani aliyewapiga wapita njia Times Square, New York, bila wao kujua. Nakala ziliuzwa dola 20,000 hadi 30,000, mmoja wao akashtaki, na mwaka 2006 mahakama ya New York ikasema ni sanaa, kwa hiyo inaruhusiwa. Haya, hutafungwa. Kwani nani alizungumzia jela?

Kinachoudhi zaidi ni hizo fomu za idhini anazosainishwa anayepigwa. Imeandikwa kwa lugha asiyoijua, ametia dole gumba, shahidi ni dereva wako. Hiyo ni karatasi ya kukulinda wewe. Fomu ya kweli husomwa kwa sauti kwa lugha yake, kamera ikiwa bado mkobani. Huwa na visanduku tofauti vya maonyesho, kuuza, mashindano na matangazo, maana aliyekubali kimoja hajakubali vyote. Ziwe nakala mbili, moja abaki nayo, na iwe na namba yako ya simu inayopatikana, atakapobadili nia. Asilimia yake iandikwe humo humo. Ukumbi ukichukua nusu, gawaneni hiyo nusu iliyobaki. Mtoto asiye na mlezi hapo, funika lenzi uende zako.

Lenzi ya milimita 200, ile ya kuvuta vya mbali, kutoka ng'ambo ya barabara ndiyo inayozaa uvivu huu wote. Ya 35 inakulazimisha umsogelee mtu mpaka hatua mbili tatu, na ukifika hapo hata salamu itakutoka. (Wapo wanaobofya na kukimbia hata hapo, najua.)

Halafu GPS! Simu na baadhi ya kamera huandika ndani ya faili mahali picha ilipopigwa. Mtu analala kibaraza kile kile kila usiku, wewe unapandisha picha mtandaoni na anwani yake humo ndani, kila mhuni aijue. Kuifuta ni sekunde kumi tu wakati wa kutoa faili.

Waandaaji wa mashindano nao wasijifiche. Mnadai faili ghafi, yaani kama lilivyotoka kwenye kamera, ili mhakikishe pikseli hazijachezewa. Fomu ya idhini mbona hamuidai?