Yaya (kaka yangu mkubwa) ana ugonjwa wa sukari, amekunywa bia na sukari imeshuka. Inawezekanaje?

Kijana wa Kadutu:
Jambo wandugu. Yaya yangu ana miaka 52 na anameza glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari. Jumamosi alikunywa bia tatu kubwa za Primus na wenzake hapa Bukavu, chakula hakugusa. Alfajiri mkewe akamkuta amelowa jasho, anatetemeka, anaongea ovyo. Tukadhani pombe haijamtoka. Jirani akaleta kipimo cha sukari: 46 mg/dL! Soda ndiyo iliyomrudisha. Sasa bia si ina sukari?

Papa B:
Kipimo kibovu hicho. Bia inapandisha, kila mtu anajua.

Mama Muuguzi:
Papa B, inapandisha mwanzoni, sababu ina wanga. Hatari huja baadaye, watu wamelala. Usiku ini ndilo linaloipa damu sukari: hufungua akiba yake, glikojeni, na hutengeneza sukari mpya kutokana na laktati, gliseroli na protini. Pombe ikifika, ini huivunja kwanza, na kazi hiyo humaliza NAD, kitu kilekile kinachotakiwa ili laktati igeuke sukari. Utengenezaji unakwama. Asiyekula, akiba nayo inakwisha. Halafu glibenklamidi inaendelea kusukuma kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari, hata sukari ikiwa chini.

Chupa ya sentilita 72 yenye pombe 5% ina karibu gramu 28 za pombe. Ini huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Piga hesabu ya chupa tatu, uone saa ngapi.

Na huyo mliyemwita mlevi angeweza kufa kitandani. Dalili zinafanana mno, kwa hiyo pimeni.

Kijana wa Kadutu:
Aksanti mama. Basi siku ya kunywa aache dawa?

Mama Muuguzi:
Asijiamulie. Aende kwa daktari, aseme ukweli kuhusu chupa zake. Kuna dawa zisizoshusha sukari namna hiyo, ingawa hata mojawapo, metformini, haipatani na ulevi. Kuacha pombe ndiyo salama. Akikataa, ale kwanza, ugali na sambaza (samaki wadogo) wa kutosha, na apime kabla ya kulala.

Ikiwa chini ya 70: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, kisha ale. Msimwache peke yake, dawa hiyo hukaa mwilini na sukari inaweza kushuka tena. Akizimia msimmiminie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu, kimbieni hospitali awekewe glukozi ya mshipa.

Fundi Bagira:
Si ahamie kanyanga, pombe yetu ya kienyeji, tu? Haina sukari.

Mama Muuguzi:
Hiyo ni mbaya zaidi, fundi. Pombe ni kali, ini linafungwa vilevile, na hata ule wanga kidogo wa bia haupo.

Papa B:
Mama, mimi niko kwenye insulini. Inanihusu?

Mama Muuguzi:
Sana. Leo umekula?