Wadau naombeni ushauri, taka zinajaa nyumbani na gari la taka haliji

Mpangaji wa Tabata:
Habari za humu jamani. Naishi nyumba ya kupanga Tabata, tuko familia nne uani na sehemu ya kuweka taka ni moja. Hela ya taka tunatoa kila mwezi ila gari halina siku maalum, mvua zikianza ndo kabisaa, viroba vinakaa getini mpaka vinatoa funza na mbwa wanavirarua usiku. Sasa jirani mmoja kaanza kuchoma kila jioni, plastiki, mipira, pampasi, vyote humohumo, moshi unaingia mpaka chumbani kwangu na mwanangu ana pumu. Sitaki ugomvi nae maana na yeye hana pa kuzipeleka. Nachoomba mnisaidie, nazipunguzaje mwenyewe kabla hazijafika getini? Nafasi nliyonayo ni kaeneo kadogo tu karibu na bomba.

Bustani ya Gunia:
Pole sana dada. Anza na taka za jikoni, plastiki itafuata. Mwaga kiroba kimoja ukiangalie, mengi utakayokuta ni maganda ya ndizi, viazi, muhogo, machicha ya nazi na makombo ya wali. Hivo ndo vinaoza, vinanuka na kuleta hao funza, ukishavitoa kinachobaki ni kikavu kinaweza kusubiri gari hata wiki mbili bila shida.

Tafuta ndoo kuukuu ya lita 20, itoboe matundu chini na pembeni, tandika makumbi ya nazi chini, afu kila ukimwaga maganda unafunika na kitu kikavu, majani yaliyofagiliwa, maranda ya kwa seremala, hata boksi ulilolichanachana. Kikavu kiwe kingi kuliko kibichi, hapa ndo wengi wanashindwa wanaweka maganda matupu yanageuka tope wanasema mboji inanuka. Igeuze kila baada ya siku chache hewa ipite. Nyama, samaki, mifupa na mafuta usiweke, utaita panya. Miezi miwili mitatu inakuwa nyeusi inanukia kama ardhi iliyonyeshewa, changanya na udongo, jaza gunia, panda mchicha na matembele.

Mpangaji wa Tabata:
Asante sana. Kuna mama nyumba ya nyuma anafuga mbuzi, si nimpe tu maganda?

Mama Mifugo:
Mpe, ila ya muhogo yaanikwe juani kwanza yakauke kabisa. Maganda mabichi ya muhogo, hasa ule mchungu, yana sumu, mbuzi akila mengi anakufa. Ya ndizi hayana neno. Na chakula kilichoota ukungu usimpe mnyama yeyote, hata kuku.

Kijana wa Skrepa:
Dada mi nipo kwenye hii kazi. Geuza chupa uangalie chini, kuna pembetatu ina namba. 1 ni chupa za maji na soda, 2 mara nyingi ni madumu na makopo ya losheni, zote zina wanunuzi, tunapima kwa kilo na bei inapanda na kushuka. Suuza, kanyaga zipungue, vifuniko weka pembeni maana ni plastiki nyingine. Chupa yenye mafuta inachafua mzigo mzima. Za kwako peke yako ni chache, kusanyeni familia zote nne kiroba kimoja muite muokota chupa anaepita hapo mtaani. Na huyo jirani mshirikishe kwenye hiyo hela.

Mwana wa Lamu:
Huku kwetu mafundi wa majahazi waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, wakalivisha ndala mbovu mwili mzima, na mwaka 2019 likaenda kwa tanga mpaka Unguja. Kwa hivyo dada hiyo plastiki usiidharau. Dumu la lita 5 likate mshazari upate kizoleo, chupa za jemu tia bizari na iliki, kanga zilizochakaa zikate ziwe matambara. Lakini chombo kilichotiwa dawa ya wadudu au oili ya gari kisirudi jikoni kabisa, hata ukikiosha vipi.

Bustani ya Gunia:
Na moshi msinyamaze. Plastiki ikiungua inatoa sumu na huyo mtoto ana pumu. Nendeni wapangaji wote kwa mjumbe, mkiwa wengi na la gari litasikika.

Mpangaji wa Tabata:
Tutaenda. Bado pampasi sasa, hizo nafanyaje?

Mama Mapacha:
Hizo ndo ngumu mama, hazirudishwi kiwandani zitengenezwe upya wala haziozi. Mi mchana nilivalisha nepi za kitambaa, pampasi usiku tu, zilipungua mno. Choo kimwage chooni, ikunje, weka kwenye kiroba chake peke yake ukifunge kisubiri gari. Kwenye shimo la choo usitupe, zinavimba zinajaza shimo haraka na gari la kunyonya likija mpira unaziba.