Nafanya kazi kwa wakala wa M-Pesa Likoni. Nikinyamazia wateja naumwa kichwa, nifanyeje?

BintiMtongwe

Hamjambo wana jukwaa. Mimi nashinda kwenye kibanda cha kutoa na kuweka pesa huku Likoni, karibu na wanakoshukia watu wa feri. Kibanda si changu, nimeajiriwa. Kazi yenyewe naipenda, nisiseme uongo. Tatizo ni watu.

Juzi saa nane mchana kaja mama mmoja, mtoto mgongoni, jasho linamtiririka, akanirushia simu juu ya kaunta: "Nirudishie pesa zangu!" Kumbe alikuwa akimtumia fundi elfu nne na mia tano, akakosea tarakimu moja, zikaenda kwa mtu asiyemjua. Nikamwambia mimi sina uwezo wa kuzirudisha, aipeleke ile meseji ya kutuma pesa kwa 456, nambari ya kuomba pesa zirudishwe, upesi kabla huyo mtu hajazitoa. Weee! Niliitwa mwizi mbele ya foleni nzima, ati sisi mawakala ndio tunaoshirikiana na matapeli. Mimi kimya. Nikatabasamu, nikamwambia "pole mama", nikamshika anayefuata.

Watu hunisifu nina subira. Lakini nikifunga jioni kichwa kinagonga, shingo imekaza, na nikifika nyumbani sitaki kusemeshwa. Mamangu asema siku hizi nimekuwa mkavu. Na mteja kama huyo sikosi, kila wiki yuko.

Nauliza: mtu hutuliaje moyoni, si usoni tu? Na mwenzangu unamjuaje huyu ana machungu yake na huyu kaja kunitafuta?

KondaWaBamburi

Pole dadangu. Dawa ni sikio la kufa. Mimi nikisikiliza kila neno la abiria nitakuwa nimeshapigana kabla hatujavuka Daraja la Nyali. Liingie huku litokee huku. Wakitukana, piga mluzi.

Jamaa_Mpole

Olewa upumzike 😂

BintiMtongwe

Kwani walioolewa hawatoi pesa? Toka hapa.

ShangaziWaKibokoni

Konda, mwanangu, hilo sikio la kufa ndilo ugonjwa wenyewe aliotueleza. Hebu msome tena.

Binti, mimi nimekuwa muuguzi mpaka nikastaafu, na nimefokewa na jamaa za wagonjwa usiku na mchana. Nitakwambia nilichokiona: anayefoka aghalabu ni mtu aliyeogopa. Hofu ikimkaa mtu mzima hadharani huona haya kuionyesha, basi hutoka na sura ya hasira, maana hasira angalau ina heshima yake. Huyo mama pengine hizo elfu nne na mia tano ndizo zilizobaki za mwezi. Pengine amezikopa. Anamfikiria fundi, anamfikiria mume, anamfikiria mtoto aliyeko mgongoni. Wewe ndiye uliyekuwa karibu, basi.

Sasa tazama maneno yako yalivyopangika. Ulianza na "sina uwezo". Ni kweli, huna. Lakini mtu aliyeshikwa na hofu akisikia hilo, yaliyobaki hayasikii tena, hata hiyo 456 hakuisikia. Geuza. "Zimekwenda sasa hivi, mama? Basi tuwahi. Lete simu, ifungue ile meseji, tuipeleke pamoja." Kwanza mpe cha kufanya na mikono yake. La uwezo wako litakuja baadaye, na pengine halitahitajika kusemwa.

Kuhusu kuwajua: tazama mikono na pumzi kuliko maneno. Mwenye hofu mkono unatetemeka, anarudia neno moja, macho yako kwenye simu. Aliyekuja kukutafuta macho yako kwa watu, anataka wamsikie. Sisemi ni kanuni isiyokosea, ila mimi ilinifaa.

Mnasihi_Tudor

Shangazi kanena. Niongeze upande wa kitaalamu kidogo, kwa sababu swali la "usoni na moyoni" limefanyiwa utafiti wa kweli.

Mwaka 1998 mwanasaikolojia wa Marekani, James Gross, aliwaonyesha watu filamu ya kuchukiza. Kundi moja likaambiwa lizuie hisia zisionekane usoni. Kundi jingine likaambiwa liitazame filamu kwa jicho jingine, kama daktari anavyotazama kidonda. Waliozuia uso kweli hawakuonyesha kitu, lakini karaha waliihisi vilevile na miili yao ikachemka zaidi ndani. Wale waliobadilisha jicho karaha yao ilipungua, na miili haikulipa gharama hiyo. Pengine hapo ndipo kichwa chako kinapoanzia kugonga, dadangu. Uso unasema pole, mwili uko vitani.

Tena Arlie Hochschild, mwanasosholojia, tangu 1983 aliandika juu ya kazi zinazomlazimu mtu auze na tabasamu lake, akianzia na wahudumu wa ndege. Jasho la kubeba magunia linaonekana na linalipwa, hili la kubeba hisia za watu mara nyingi halihesabiwi kwenye mshahara. Kwa hiyo usijione dhaifu. Umechoka kwa sababu umefanya kazi.

Jaribu hili: mteja akifoka, jiambie kimoyomoyo jina la unachohisi, kwa ufupi. "Nimeaibika." "Nimeonewa." Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake walipima ubongo wa watu waliokuwa wakitazama picha za nyuso zenye hasira au woga. Walipotaja jina la hisia iliyo usoni, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari, ilitulia. Picha ya maabara si foleni ya Likoni, najua, ila neno moja halikugharimu kitu.

MzeeWaKahawa

Mtume (s.a.w.) alijiwa na mtu akaomba ausiwe, akaambiwa: usikasirike. Yule mtu akarudia kuomba, jibu likawa lilelile. Na tumefundishwa kwamba mwenye hasira akiwa amesimama akae, isipomwondoka alale. Mwili ukishuka na moyo hushuka. Una kiti hapo kibandani?

BintiMtongwe

Mzee wangu, kiti kipo lakini mwenye kibanda hataki tukae foleni ikiwa ndefu, ati tutaonekana wavivu. Shangazi, hilo la kugeuza maneno limeniingia. Mnasihi, shukran, ila nikiwa na watu kumi mbele yangu sijui hiyo nafasi ya kujitajia hisia nitaipata wapi.

Wakala_Kongowea

Nafasi unayo, iko kwenye kitabu. Kile unachoandikia jina na nambari ya kitambulisho. Nina vibanda viwili na vijana ninaowaajiri, na ndivyo ninavyowafundisha: mteja akipandisha sauti, shika kalamu, vuta kitabu, andika polepole. Huku ukiandika, pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta. Moyo hupunguza mbio mtu anapotoa pumzi, hiyo si imani, shika mapigo yako uone. Mteja anaona unafanya kazi, wewe unajirudisha. Hakuna atakayekuita mvivu.

Na nikwambie jambo ambalo hawa wote wamelipita. Si kila anayefoka ameogopa. Matapeli wanajua kabisa wakala aliyechanganyikiwa hasomi vizuri. Wanakuja wawili saa ya msongamano, mmoja anakuharakisha, "Dada upesi, feri inaniacha!", mwingine anaanzisha ugomvi wa chenji. Katikati ya kelele unaonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja inayofanana kabisa na ya kweli, unatoa pesa. Jioni unahesabu floti, yaani pesa za kuendeshea kibanda, pengo. Na pengo ni la mshahara wako.

Kwa hiyo mimi utulivu siufundishi kama adabu ya wateja, naufundisha kama kufuli. Kanuni ni moja: sauti ikipanda, mkono upunguze mwendo. Meseji unayoiamini ni iliyoingia kwenye simu ya kazi, na salio unaliangalia mwenyewe. Mama wa kweli aliyepotelewa atangoja hizo sekunde, hata akikutukana. Tapeli hangoji, utamwona anakumbuka ana safari.

Halafu angalia saa. Umesema saa nane mchana. Kibanda cha mabati, huu msimu wa kaskazi, umekula nini tangu asubuhi? Vijana wangu ugomvi wao mwingi ni kati ya saa saba na saa tisa. Nikawawekea feni na mtungi wa maji, na nikataka mmoja ale kabla ya saa saba. Hasira nyingine ni kiu tu, ndugu zangu. Mwambie bosi wako hivyohivyo kwa lugha ya pesa: mfanyakazi mwenye kiu hukosea hesabu. La heshima hataki kulisikia, la hasara atalisikia.

ShangaziWaKibokoni

Wakala, hapo kwa matapeli umenifundisha. Wodini hatukuwa nao wa namna hiyo.

Na binti, la nyumbani usilisahau. Ukishuka kwenye feri au matatu usiingie ndani moja kwa moja na mzigo wa watu. Mwambie mamako, "Leo nimetukanwa, nipe robo saa." Hajui, ndiyo maana anakuita mkavu. Ukimwambia atajua si yeye.

BintiMtongwe

Robo saa hiyo nitaiomba leo. Na la maji nimeshamwandikia bosi, amejibu "tutaona". Feni hajaitaja.

Wakala_Kongowea

"Tutaona" ya tajiri ni hapana. Nunua chupa kubwa yako, uijaze nyumbani. Feni mwombe siku ya kwanza hesabu ikikosea mchana.

KondaWaBamburi

Haya, mie sikio la kufa nimelivua. Sasa abiria anayetoa noti ya elfu saa kumi na mbili asubuhi, nauli shilingi hamsini, halafu yeye ndiye anayefoka, huyo naye ameogopa nini?

ShangaziWaKibokoni

Huyo hajaogopa kitu. Mwambie alipe kwa simu.