Uji wa unga wa mchanganyiko, kitobero au uji wa ulezi? Mtoto wa miezi 9 na jaja (bibi) wa presha nyumba moja

MamaH_Busia
Habari zenu jamani. Nina mtoto wa miezi 9, bado ananyonya, wiki jana walimpima mkono na ule utepe wa rangi wa kupimia lishe ikaangukia kwenye njano. Sio nyekundu lakini tangu siku hiyo moyo haujatulia. Nimekuwa nampa uji wa unga wa mchanganyiko wa kununua, ule una mahindi, soya, mtama, karanga, mukene (dagaa), mbegu za maboga, kila kitu humo humo, muuzaji akaniapia kwamba mtoto atanona. Jirani anasema niache nimpe kitobero, kile chakula cha mchanganyiko kinachopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Mama mkwe naye anasema uji wa ulezi na maziwa ndio ulimlea mume wangu na akakua vizuri tu. Alafu huyo mama mkwe ana presha na sukari, na kuna wa shule wa miaka 8, sasa sufuria tatu tofauti siwezi na makaa yalivyo ghali. Nyie mnafanyaje?

NesiMstaafu_Jinja
Pole mama. Kwanza kabisa, njano maana yake mkono uko kati ya sentimita 11.5 na 12.5, chini ya hapo ndio nyekundu. Kwa hiyo hujachelewa lakini usikae nyumbani na unga peke yake, rudi kituoni wampime na uzito, waangalie kama kuna malaria au kikohozi kinachomrudisha nyuma. Sasa niambie, huo uji unaupika mzito kiasi gani na anakula mara ngapi?

MamaH_Busia
Mwepesi mwepesi maana akipewa mzito anakataa. Asubuhi na jioni.

NesiMstaafu_Jinja
Hapo ndipo nilipokuwa nataka tufike. Tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo sana, ukilijaza maji yenye rangi ya unga anashiba na hana alichopata, hata unga uwe na vitu 20 ndani. Chota kijiko uinamishe: ukitiririka kama chai, huo sio chakula, unatakiwa uteleze polepole. Na miezi 9 ni milo mitatu hadi minne kwa siku, kila mlo kama nusu kikombe, na kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili na zaidi.

Baba_Pacha_Arua
Mi niseme kuhusu huo unga wa kununua maana ulinitesa na pacha wangu. Unaona orodha ndefu kwenye pakiti lakini hujui kipi kimewekwa kingi, mara nyingi ni mahindi tu, hivyo vingine ni vya kunukia. Soya isipokaangwa ikaiva vizuri inasumbua tumbo la mtoto, na unga wenye karanga na mukene una mafuta, ukikaa unachacha. Na karanga zilizowahi kushika unyevu zina ile sumu ya kuvu ambayo kupika hakuiondoi, zikishasagwa utaona saa ngapi kama zilikuwa na kuvu? Wangu waliharisha wiki nzima. Siku hizi nasaga ulezi peke yake, karanga nachagua kwa mkono moja moja, mukene kivyake, nachanganya kwenye uji siku hiyo hiyo.

NyaboLuweero
Kitobero mama, tena ndio jibu la makaa yako. Hiki wamama wamefundishwa miaka na miaka pale Mwanamugimu, kitengo cha lishe cha hospitali ya Mulago, Kampala, na kinatoka kwenye chakula cha nyumba yenyewe. Nafanya hivi: maharage naloweka usiku, asubuhi namenya maganda naponda. Chukua kipande cha jani la mgomba upitishe juu ya moto lilainike, tandaza kwenye bakuli, weka matooke (ndizi za kupika) mawili ya kumenya au kiazi kitamu kile cha rangi ya machungwa (kina vitamini A), kijiko cha maharage, kijiko cha karanga ya kusaga, kijiko cha mukene wa unga, maji kidogo. Funga jani juu, kaza na uzi wa mgomba, alafu kile kifurushi unakiweka juu ya matooke ya watu wote, mvuke ule ule unaiva nao. Moto ni mmoja! Ukifungua unaponda na mchuzi wake wote, usiumwage. Chumvi hakuna, sukari hakuna.

Kijana_Mbarara
Tusimtupe jaja na ulezi wake lakini. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko mahindi. Kosa ni kuupa mtoto mtupu. Otesha ulezi kidogo, ukianza kuchipua anika usage, ndio kimea. Ukipika uji mzito alafu ukatia kijiko cha kimea ukiwa bado moto, unalainika wenyewe bila kuongeza maji, kwa hiyo anayekataa mzito anameza na nguvu iko pale pale. Rudisha jikoni uchemke tena kidogo. Asubuhi uji huo na maziwa au yai la kuponda, mchana kitobero. Asali usimwekee mpaka afike mwaka.

Mvuvi_Katosi
Mukene muwe macho. Ule ulioanikwa chini kwenye mchanga ndio mwingi sokoni na mwingine ni wa kuku kabisa. Tafuta ulioanikwa kwenye vichanja, unang'aa na hautoi mchanga ukiusugua kiganjani. Osha na maji ya uvuguvugu, kaanga kavu mpaka ukatike, twanga, chekecha.

NesiMstaafu_Jinja
Kwa jaja: mchuzi ule ule wa nyumba, ila mpakulie kabla ya chumvi, watu wazima kwa siku nzima chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai na humo hesabu na viungo vya pakiti. Nusu ya sahani yake iwe mboga za majani kama dodo au nakati, matooke au posho (ugali) robo tu. Na dawa zake asiache. Wa shule je, chai anakunywa saa ngapi?

MamaH_Busia
Na chakula, kila siku.

NesiMstaafu_Jinja
Isogeze saa nzima mbali na maharage, chai inazuia madini ya chuma. Mpe chungwa au papai hapo badala yake.

MamaH_Busia
Asanteni sana, Mungu awabariki. Leo nimefunga kitobero cha kwanza, kamaliza zaidi ya nusu na akanyoosha mkono kwenye bakuli! Kituoni tunarudi kesho asubuhi. Mama mkwe nimempa kazi ya kuotesha ulezi, kafurahi. Swali moja, maganda ya maharage yamenishinda, nilikaa saa nzima.

NyaboLuweero
Hukuloweka vya kutosha. Weka jioni mapema, asubuhi ukibana na vidole viwili yanateleza yenyewe. Mengi loweka mara moja, umenye, yaliyobaki anika yakauke, ni akiba ya wiki.