Ukoo wa Ngamiani 🌴: muvi ya Jumamosi

ALHAMISI

Mwanaidi 16:08
Assalaam alaykum familia. Nakumbusha: Jumamosi baada ya Isha, uani kwa Bibi, tunaangalia Sita Ramam. Zuberi analeta projekta. Kila nyumba iseme inaleta nini. Dada Asha anarudi Muscat Jumapili, tusimwangushe.

Mwanaidi 18:40
Watu 19 mmesoma. Jamani.

Zuberi 18:55
Projekta ipo. Shuka jeupe sina

Mwanaidi 18:56
Lipo kwangu. Ahsante Zuberi

Anko Kassim 20:31
Ya Kihindi hiyo?

Mwanaidi 20:32
Ya India, ila si Kihindi, Anko. Ni Kitelugu, lugha ya Hyderabad na Andhra Pradesh. Ya mwaka 2022, mwongozaji Hanu Raghavapudi.

Hamisi 20:33
Kitelugu si zile mtu anapiga teke gari linapaa 😂😂

Juma 20:33
Anapiga teke huku, ukuta wa jirani unaanguka kule

Hamisi 20:34
Tuje na helmeti

Mwanaidi 20:39
Hamisi, hii ni ya barua. Ram ni mwanajeshi Kashmir, 1964, yatima, hana hata mtu mmoja wa kumwandikia. Redio inatangaza habari zake, barua zinamiminika nchi nzima. Moja ya Sita Mahalakshmi, anajiita mkewe, na haina anwani. Theluji ile ya Kashmir kweli, walikwenda kupigia picha huko. Na wazo lilivyoanza! Mwongozaji alinunua kitabu cha mtumba Koti, pale Hyderabad, akakuta ndani barua haijafunguliwa. Mama kamwandikia mwanawe. Akawaza, kama humo mlikuwa na neno zito je? Ndiyo akatunga barua ya Ram inayokaa miaka 20 haijamfikia Sita. Mimi niliposoma hilo nilikaa kimya.

Hamisi 20:40
Kumbe huyo Sita mwenyewe ni

Mwanaidi 20:40
HAMISI USIMALIZIE

Hamisi 20:41
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Juma 20:42
Nimeuona 😭

Mama Mkubwa Rehema 21:15
Miaka 20 tu? Ya Maskati iliyoingia nyumba ile ina zaidi ya hiyo, na mwenyewe hajaiona mpaka leo.

Anko Kassim 21:22
Rehema, hayo tulishayazika.

Mama Mkubwa Rehema 21:22
Mlizika nyinyi.

Juma 21:30
Sambusa nani analeta?

IJUMAA

Mwanaidi 07:12
Bado nasubiri majibu. Muvi ni saa 2 na dakika 43, tukichelewa kuanza Bibi atalala.

Dada Asha 10:04
Samahanini, nimeona sasa hivi. Nilishaiangalia peke yangu kule, nikalia mpaka nikaona haya. Ndiyo maana nataka niione nimekaa ubavuni kwa Bibi. Ila maandishi ya chini ni Kiingereza, Bibi atafuataje?

Hamisi 10:06
Nitatafsiri mimi kama DJ wa kibanda umiza 🎤

Mwanaidi 10:07
Hapana. Utamfanya Ram aongee kama kondakta. Natafsiri mimi.

Dada Asha 10:11
Wala hao waigizaji wakubwa si Watelugu. Dulquer Salmaan wa Kerala, mtoto wa mwigizaji Mammootty. Mrunal Thakur wa Maharashtra, na ndiyo muvi yake ya kwanza ya Kitelugu.

Juma 10:13
Basi kama wageni wamekiweza, Bibi hashindwi. Sinema ya Majestic enzi zile nani alikuwa anamtafsiria?

Mwanaidi 13:50
Sambusa: hakuna. Mikeka: hakuna. Nitanunua mwenyewe kila kitu?

Salma (kwa Bibi) 17:26
Bibi kasema niandike hivi hivi, nisipunguze: "Siangalii barua ya watu kabla sijasomewa yangu. Kassim anajua ilipo. Aje nayo."

Zuberi 17:58
😳

Mwanaidi 18:20
Anko?

Mwanaidi 19:45
Anko Kassim, shikamoo. Bibi anauliza kama umeona.

Mama Mkubwa Rehema 20:02
Ameona. Alama si hizo hapo za bluu.

Dada Asha 20:10
Mama, taratibu. Anko, hata ukija mikono mitupu, njoo.

Anko Kassim 22:47
Nitakuja.

Mwanaidi 22:48
Alhamdulillah. Nayo?

Mwanaidi 23:05
Anko?

JUMAMOSI

Juma 06:31
Mimi naleta sambusa 30

Zuberi 06:40
Umeme ukikatika je, jenereta ya nani?