Naomba ushauri: kupasha vanishi iliyoganda kwa baridi bila kuunguza karakana

Habari zenu wakuu. Niko Mafinga, karakana ya samani. Julai hii baridi imekaza, vanishi inagoma kupita kwenye bunduki ya kupulizia. Fundi mkuu anapasha kopo juu ya jiko la mkaa, hatua tatu tu kutoka kwenye madebe ya thina, kile kimiminika cha kuzimulia vanishi! Juzi moto uliruka, tukauzima kwa mchanga. Yeye akacheka.

Ninavyojua, mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni hadi ukutane na moto. Nawaza tuchemshe maji nje, tuyabebe ndani kwa ndoo, kopo tulitumbukize humo kifuniko kikiwa kimelegezwa. Inatosha? Au kuna hita ya umeme isiyotoa cheche, tunayoweza kuimudu? Na swichi za ukutani, maana nazo zinatoa cheche, nizifanyeje?