Mnatuita zege likishakauka, halafu mnataka saini tu

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nauandika nikiwa na hasira. Anayetaka maneno ya kubembeleza apite zake mapema.

Kazi yangu ni ukaguzi wa ufikivu wa majengo. Kwa asiyeijua: ninalifuatilia jengo tangu likiwa ramani hadi likiwa na watu, kuhakikisha kwamba mwenye kiti mwendo, asiyeona, asiyesikia, mwenye kimo kifupi na mzee wa magongo wanaingia, wanahudumiwa, na moto ukiwaka wanatoka wazima. Hayo maneno "tangu likiwa ramani" nimeyaweka kwa heshima tu. Nina miaka 11 kwenye kazi hii na nimeitwa kwenye ramani mara 4. Mara nne! Kwingine kote nimeitwa rangi ikiwa mbichi, kadi za uzinduzi zimeshachapwa, na kuna mtu kashika fomu ananionyesha pa kusaini.

Wiki iliyopita yamenikuta tena. Jengo la ghorofa 4, la kuhudumia watu, mwenyewe simtaji. Nilikwenda na mwenzangu tunayefanya naye kazi. Yeye ni mhandisi ujenzi na anatumia kiti mwendo. Ramani zilikuwa mapajani mwake, kazikunja vizuri kwenye bomba lake. Tulipofika getini mlinzi akamtazama, akamwambia kwa upole kabisa, "Mzee wangu, leo hakuna msaada, njoo siku nyingine." Mwenzangu akacheka, akamwonyesha kitambulisho. Mimi sikucheka. Na mlinzi simlaumu sana, maana maisha yake yote hajawahi kumwona mtu wa kiti mwendo akiingia saiti kuja kukagua. Ninaowalaumu ni waliokuwa ndani, wenye shahada zao ukutani.

Tuanze na mlangoni. Kuna ngazi 3, kila moja kimo chake sentimita 17, jumla 51. Kando yake wamemwaga mteremko wenye urefu wa mita 1.8. Wanaojua hesabu wameshashika vichwa. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda idai sentimita 12 za kwenda mbele. Sentimita 51 zinataka mita 6 na sentimita 12, na juu na chini paachwe sehemu tambarare ya kama mita 1.5 mtu apumzike na kugeuza kiti. Wao wamejenga 1 kwa 3.5. Huo si mteremko, ni ukuta uliochoka. Juu yake wameweka marumaru inayong'aa kama kioo, ambayo mvua ikinyesha hata mwenye miguu miwili ataishia chini.

Mwenzangu akasema ngoja ajaribu, waone kwa macho yao. Kabla hajafika katikati magurudumu ya mbele yakanyanyuka. Nilikuwa nyuma nimemkinga kwa mwili, la sivyo saa hizi ningekuwa naandika uzi mwingine. Mkandarasi alikuwa amesimama pembeni na simu yake. Unajua alisema nini? "Lakini dada, si mlinzi atakuwepo wa kumsukuma?"

Hebu rudia hiyo sentensi polepole. Yaani umejenga njia ambayo mtu mzima, mwenye kazi na familia yake, hawezi kuipita bila kumsubiri mlinzi amalize kula. Na huyo mlinzi ndiye yule aliyemwambia leo hakuna msaada.

Tukaenda chooni. Alama ya kiti mwendo iko mlangoni, ya bluu, imenyooka, nzuri kuliko kitu kingine chochote kwenye hilo jengo. Mlango umefungwa kwa kufuli na funguo anazo msimamizi. Msimamizi hayupo. Alipopatikana na kufungua, ndani kulikuwa na ndoo, mafagio, madumu ya sabuni na nusu mfuko wa saruji nyeupe. Nafasi ya mlango ni sentimita 70. Nenda kapime kiti mwendo cha kawaida, kisha uongeze vidole vya mtu anayesukuma magurudumu kwa mikono yake, uje unijibu. Sheria za Marekani, kwa mfano, zinataka nafasi wazi isiyopungua sentimita 81.5, na hiyo ndiyo ya chini kabisa, si ya kujivunia. Tena mlango unafungukia ndani, kwa hiyo hata angejibana akapita, asingeweza kuufunga nyuma yake. Afanye haja watu wakipita koridoni? Na kama ataanguka mle ndani, mwili wake ndio utakaouzuia mlango usifunguke.

Kamba ya dharura ipo, lakini wameikunja na kuifunga fundo juu karibu na dari. Nikauliza kwa nini. "Watoto wataichezea." Jamani, kamba ile inatakiwa ining'inie hadi karibu na sakafu kwa sababu anayeihitaji yuko sakafuni! Ameanguka! Kama angekuwa na uwezo wa kusimama na kufika darini asingekuwa na haja ya kumwita mtu.

Halafu kile chuma cha kushikia. Mwenzangu alikivuta kwa mkono mmoja tu, kikabaki mkononi mwake. Kilikuwa kimefungwa kwa skrubu fupi kwenye ukuta wa jipsamu, hakuna mbao nyuma, hakuna chochote. Chuma hicho kazi yake ni kubeba uzito wa mtu anayejihamisha kutoka kwenye kiti kwenda chooni. Msanifu akakipokea kutoka kwa mwenzangu, akakiegemeza ukutani kana kwamba kitajishika chenyewe, akaandika kwenye daftari: "kukazwa."

Mchana alifika mwenzetu wa pili, ambaye haoni, na fimbo yake nyeupe. Sakafuni wameweka vile vigae vya njano vyenye matuta. Kwa wasiovijua, si mapambo. Vilibuniwa Japani na Seiichi Miyake mwaka 1965, na vikatandikwa mara ya kwanza barabarani mjini Okayama mwaka 1967, karibu na shule ya wasioona. Ni lugha ya miguu. Matuta marefu yanasema "endelea", nukta zinasema "simama, kuna kitu mbele". Kwenye jengo hili fundi kachanganya vyote viwili, mstari mmoja wa hivi, mmoja wa vile, eti vinapendeza. Ni sawa na kuwasha taa nyekundu na ya kijani kwa pamoja kwenye makutano kwa sababu rangi zinaendana.

Mwenzetu akaufuata mstari. Ukampeleka kwenye nguzo. Si karibu na nguzo, KWENYE nguzo, mstari umeishia hapo. Maelezo yakatoka: meza ya mapokezi ilikuwa iwe upande ule, baadaye ikahamishwa, vigae vikabaki. Hakuna aliyejiuliza vile vigae vinamwambia nani nini. Mwenzetu akaigonga nguzo mara mbili kwa fimbo akauliza, "Habari za mapokezi?" Huyu ana mizaha mibaya, ila siku ile alitusaidia tusipigane.

Swali langu la mwisho niliulizia ghorofa ya 4. Moto umewaka, kengele inalia, lifti haitumiki. Mtu wa kiti mwendo anatokaje? Wakatazamana. Mmoja akasema, "Watambeba." Akina nani? Kwa kumshika wapi? Kiti chenye mota kinaweza kupita kilo 100 bila mtu. Majengo yaliyofikiriwa yana sehemu ya kusubiria kando ya ngazi, nyuma ya milango inayozuia moto na moshi, yenye kifaa cha kuwasiliana na waokoaji, na kuna kiti maalumu cha kushushia mtu kwenye ngazi pamoja na wafanyakazi waliofundishwa kukitumia. Hapa hakuna hata kimoja. Na asiyesikia? Kengele ni ya sauti tu, hakuna taa ya kumulika. Aliye peke yake ofisini atajua kuna moto akiuona.

Baada ya yote hayo nikaletewa fomu.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi, nacho si mkandarasi. Ni sisi wenyewe wa fani hii. Ile fomu ina visanduku. Mteremko upo? Ndiyo. Choo maalumu kipo? Ndiyo. Vyuma vya kushikia vipo? Ndiyo. Vigae vya wasioona vipo? Ndiyo. Fomu haiulizi mteremko ni mkali kiasi gani. Haiulizi kama choo kinaingilika. Kwa fomu ile, jengo lile limefaulu kwa alama zote! Na kuna wenzangu, nawajua na wanajijua, wanaoijaza wakiwa mezani kwao kwa kutazama picha za simu walizotumiwa. Danganya toto. Siku moja nilifika kwenye jengo lililoshapitishwa nikamkuta mama mmoja anapandishwa ngazi mgongoni kwa kijana wake, na pembeni yao cheti kiko kwenye fremu. Saini kwenye kile cheti ni ya mtu niliyesoma naye.

Wasanifu nao wana wimbo wao: ufikivu unaharibu mwonekano. Ndugu zangu, mnajua neno "usanifu kwa wote" limetoka kwa nani? Kwa msanifu mwenzenu, Ron Mace, Mmarekani aliyepata polio utotoni. Akiwa chuoni akisomea kazi hiihii ya kwenu alikuwa anabebwa kupandishwa na kushushwa ngazi aende darasani, na kiti chake hakikuingia vyooni. Hakuja kuomba kibanda cha pembeni kwa ajili ya walemavu. Alisema jengo lisanifiwe tangu mwanzo litumike na watu wote kadiri iwezekanavyo. Kama mteremko wako unaonekana kama kidonda kwenye jengo, ni kwa sababu uliuchora mwisho, baada ya kulipenda jengo bila huo mteremko.

Mkadiriaji majenzi, wewe ninakusalimia kwa kifupi. Bajeti ikibana, cha kwanza unachokata tunakijua.

Mwakilishi wa mteja alinivuta pembeni akaniambia mambo mazuri hayataki haraka, tusaini kwanza, marekebisho yatafuata. Nikamwambia tarehe 12 Machi 1990 watu wenye ulemavu kule Marekani waliacha viti na magongo yao chini ya ngazi za jengo la Bunge mjini Washington, wakapanda kwa kutambaa, akiwemo mtoto wa miaka 8, kwa sababu walishachoka kuambiwa wasubiri. Sheria ya haki za watu wenye ulemavu ikasainiwa Julai mwaka huohuo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ni wa 2006, na Ibara ya 9 inazungumzia ufikivu kwa jina. Sasa haraka iko wapi? Akanijibu kwamba uzinduzi ni Ijumaa.

Sijasaini. Malipo yangu yamezuiwa na nimesikia wanatafuta mkaguzi "anayeelewa mazingira". Watampata, hilo sina shaka nalo.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Wa kwanza hapo juu anayesema watu wenyewe wa viti mwendo hawaji kwenye majengo hayo, kwa hiyo gharama ya nini: rudi kwenye mita 1.8, kisha jiulize kwa nini hawaji. Na aliyesema nina uchungu kwa sababu sijalipwa, ni kweli, uchungu wa kutolipwa ninao pia.

Kuna fundi mmoja ameuliza kwa nia njema namna ya kupima mteremko bila vifaa vya bei kubwa. Fundi, wewe umenipoza moyo. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1.2 na pima maji yako. Laza ubao juu ya mteremko, ncha moja ielekee juu. Weka pima maji juu ya ubao, kisha inua ncha ya chini mpaka povu likae katikati. Sasa pima kwa futi kamba kutoka ncha hiyo, wima, hadi kwenye mteremko chini yake. Ikizidi sentimita 10, umepita 1 kwa 12, vunja kabla zege halijakauka.

Kwenye lile jengo nililifanya zoezi hilohilo mbele yao. Ilisoma sentimita 34. Nikapiga picha, futi kamba ikionekana vizuri. Mkandarasi ameshanipigia mara tatu akiniomba niifute.